Jiwe Jeusi na Jiwe Jeupe: Kando ya Ziwa Kivu Pamoja na Wazee Wetu

Juu ya meza ya darasa letu, hapa Rutshuru, kuko mawe mawili. Moja ni jeusi, lina matundu kama mkate, na mkononi ni jepesi kuliko unavyodhani. Lingine linaelekea weupe, ni zito, na ukiligeuza juani linametameta. La kwanza tuliliokota kando ya Ziwa Kivu, upande wa Goma. La pili lilitoka katika kisiwa cha Idjwi. Kati ya pale na pale ni safari ya masaa machache kwa boti. Lakini kati ya umri wa jiwe moja na umri wa lile lingine ni zaidi ya miaka bilioni moja.

Kila mwaka wanafunzi wapya wanatuuliza swali lile lile: «Mwalimu, haya mawe iko na kazi gani?» Sisi tunaoandika mistari hii ni mwalimu wa jiografia katika masomo ya sekondari. Diploma yetu tuliipata ISP, na chaki tumeishika tangu zaidi ya miaka ishirini. Tulipoombwa kuandika juu ya mila zetu katika kijitabu hiki, tuliona kwamba tungeweza kujibu swali hilo la wanafunzi, na papo hapo kulipa deni moja la zamani. Deni lenyewe utalijua mbele.

MAFIGA YA KOKO

Tulikua pamoja na Koko, mama wa baba yetu, wakati mbabula ya makala ilikuwa bado kitu cha watu wa mjini. Kwa Koko chakula kilipikwa juu ya mafiga matatu. Siku moja figa moja lilivunjika, naye akatutuma tumtafutie lingine. Sisi, kwa kupenda kitu kizuri, tukashuka mpaka mtoni Rutshuru, tukaleta jiwe laini, la mviringo, lililosuguliwa na maji. Koko akaliangalia, akaligonga kwa jiwe lingine, akasikiliza, kisha akalitupa nje ya lupango.

«Ile ya mutoni itatupasukia sufuria. Leteni ile ya matundu. Jiwe lenye lilizaliwa motoni haliogope moto.»

Tulinung'unika, lakini tukaenda kutafuta jiwe la volkano. Miaka mingi baadaye, tukiwa kwenye benchi la ISP, tulisikia maelezo yake: jiwe la mtoni linaweza kuficha maji ndani ya nyufa zake, na maji hayo yakichemka yanageuka kuwa mvuke, mvuke unakosa njia, jiwe linapasuka. Lile la lava limekwisha kupitia moto mkubwa kuliko wa jikoni, na likiisha kukauka vizuri, moto wa kuni haulisumbui. Mwalimu wetu alitumia nusu saa na ubao mzima. Koko alitumia kugonga mara moja.

Usiku, wakati mbingu ya kusini ilipokuwa nyekundu juu ya Nyiragongo, Koko alitusimulia mengine. Wazee wa Bwisha, sawa na majirani zao wa Rwanda, walikuwa na habari za Ryangombe. Walisema kwamba walioingizwa katika siri zake wakifa huenda kupumzika katika Karisimbi, kule juu penye baridi na utulivu, na wengine huishia katika moto wa Nyiragongo. Masomoni tulifundishwa kucheka habari hizo. Tulicheka. Hatukuona kwamba hadithi hiyo ilikuwa inafundisha watoto jambo moja la kweli: milima hii si sawa, mmoja umelala na mwingine uko macho.

ZIWA LILILOTUGEUZIA MGONGO

Mtu wa Rutshuru anaweza kusema: habari za Ziwa Kivu zinatuhusu nini, sisi tulio kilomita karibu 70 kaskazini? Zinatuhusu sana. Zamani sana, kabla milima ya Virunga haijasimama, maji ya bonde la Kivu yalikuwa yanatiririka kuja kwetu, upande wa kaskazini, kuelekea bonde la Ziwa Edouard. Kisha volkano zikaota katikati ya bonde, lava ikarundikana juu ya lava, mlango ukafungwa. Maji yakakosa pa kwenda, yakajaa, yakafunika mabonde ya mito ya zamani. Kiasi cha miaka elfu kumi iliyopita, wataalamu wanasema, yakapata njia nyingine upande wa kusini, ndiyo mto Ruzizi wa leo.

Kwa hiyo tone la mvua linaloanguka Goma linaingia Kivu, linashuka na Ruzizi mpaka Tanganyika, kisha Lukuga, kisha mto Kongo, na mwishowe bahari ya Atlantiki. Tone linaloanguka hapa Rutshuru linaingia mto wetu, linafika Ziwa Edouard, linapita Semliki na Ziwa Albert, linaungana na Nile na kufika bahari ya Mediterane, kule Misri. Mawingu ni yale yale, lakini mlima umewatenganisha kama ndugu wawili waliogawana urithi.

Ndiyo maana pia pwani ya Kivu haifanani na pwani za mchanga tunazoona katika picha. Ni mabonde yaliyozama. Ukitazama ramani, utaona maji yameingia nchi kavu kama vidole vya mkono. Kila kidole ni bonde ambamo mto ulikuwa unapita. Na vile visiwa vidogo vidogo ni vichwa vya vilima vilivyobaki nje, kama watu waliosimama majini hadi shingoni. Ziwa lenyewe liko kwenye mita karibu 1.460 juu ya usawa wa bahari, na pale penye kina zaidi linashuka mita karibu 485.

ASUBUHI YA MAZUKU

Sasa tufike kwenye deni. Mwaka wa 2005 tulikuwa mwalimu kijana, diploma bado inanukia wino. Katika interro moja tuliuliza: «Taja aina za upepo na ueleze mmoja.» Msichana mmoja ambaye ukoo wa mama yake ulikuwa na mashamba kandokando ya ziwa, kati ya Goma na Sake, aliandika: «Mazuku ni upepo mubaya. Unalala chini asubuhi, na unaondoka wakati jua linapanda. Koko alinifundisha.» Tulichukua biki nyekundu, tukaandika pembeni: «Ushirikina. 0/4.» Tukasoma jibu lake mbele ya darasa zima, na darasa likacheka. Wiki ile ile tulikuwa tumefundisha kwamba gazi kaboniki ni nzito kuliko hewa.

Mwezi uliofuata tulipeleka wanafunzi Goma kuona mawe. Lava ya tarehe 17/01/2002 ilikuwa na miaka mitatu tu. Tuliwaonyesha njia yake: ilivyotoka katika nyufa za mlima, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikakata mji katikati, ikaharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, mpaka ikaingia ziwani na kuongeza ufuko mpya. Watu kiasi cha 120.000 walibaki bila nyumba. Lakini tayari mama walikuwa wamekaa juu ya ile lava wakivunja mawe kuwa changarawe, na vijana wa chukudu walikuwa wanayasafirisha ili watu wajenge upya. Mlima ulichukua nyumba, na watu wakachukua mlima, wakaufanya kuta.

Kesho yake asubuhi mapema tukaelekea magharibi, tukapita Lac Vert, lile ziwa dogo la rangi ya majani lililojaa ndani ya mdomo wa volkano ya zamani, tukafuata ufuko. Hakukuwa na upepo. Mvulana mmoja aliona shimo la lava lenye majani mazuri chini, akatelemka kutafuta jiwe la ajabu la kumwonyesha mwalimu. Mara tukasikia mama mmoja mzee aliyekuwa analima anapiga kelele:

«We mutoto, panda! Panda mbio! Kuko mazuku!»

Sisi tulisimama tu. Kusema kweli, wazo letu la kwanza lilikuwa kwamba mama anatuona kama wezi wa shamba lake. Yeye hakungoja tufikiri. Alikimbia, akamnyooshea mvulana mpini wa jembe, akamvuta. Mtoto alipofika juu, miguu ilikuwa inatetemeka, kichwa kinamuuma, akatapika. Kisha mama akachukua majani makavu, akayafunga kwenye fimbo ndefu, akayawasha, akayateremsha shimoni polepole. Moto ukafika kiasi cha kiuno cha mtu, ukazimika mara moja, kana kwamba umechovywa majini. Hapo ndipo tukaona chini, kati ya majani yale mazuri, ndege wawili na mjusi, wote wamekufa.

Tukamwuliza mama mazuku ni nini. Akajibu bila kutuangalia, macho yake yakiwa kwa mtoto:

«Bazee balisema ni pepo. Mimi sijue kama ni pepo. Najua tu inalalaka chini, na inauaka mbuzi mbele ya mutu, juu mbuzi iko mufupi. Na mutoto naye iko mufupi.»

Ndugu msomaji, hakuna kitabu cha jiografia kilichowahi kutueleza gazi kaboniki vizuri namna ile. Gazi inapanda kutoka chini ya ardhi kupitia nyufa, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa inajikusanya mabondeni. Usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo, inakaa pale kama maji ndani ya sahani. Jua likipanda na upepo ukianza, inatawanyika. Leo wataalamu wa volkano wa nchi za nje wanaandika neno hili la kwetu, *mazuku*, katika vitabu vyao, kwa sababu hawakupata la kwao linalofaa zaidi. Neno ambalo sisi tulilipa sifuri.

Tena gazi hiyo hiyo iko ndani ya ziwa lenyewe, chini kabisa, imeyeyuka katika maji: kilomita za ujazo karibu 300, pamoja na metani karibu 60. Mwaka wa 1986, kule Kameruni, Ziwa Nyos lilitapika gazi kaboniki usiku mmoja, na watu karibu 1.700 wakafa usingizini. Kivu ni kubwa kuliko Nyos mara nyingi sana. Hatusemi hivyo ili kutisha watu. Tunasema ili ieleweke kwamba mtoto anayejua mazuku ya shimoni ana mlango wa kuelewa ziwa zima.

KISIWA AMBACHO HAKITAPIKI

Kwa woga uliobaki, wanafunzi wengi hawakutaka tena kwenda mbele. Wachache tu walipanda boti pamoja nasi kuelekea Idjwi. Mbali, upande wa kuume, mwenye boti alituonyesha kisiwa kidogo cha Tchegera, chenye umbo la mwezi mchanga. Tukawaeleza watoto: hapo moto wa chini ulikutana na maji. Mnajua maji yakianguka ndani ya mafuta ya moto yanavyoruka? Ndivyo ilivyokuwa, majivu na mawe yakarushwa hewani, yakaanguka kwa duara, na sehemu moja ya duara haipo. Tchegera ni ukingo wa sufuria uliobaki juu ya maji.

Idjwi ni jambo lingine. Ni kisiwa kikubwa, kina chefferie mbili, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini, na watu wake ni wengi kuliko mgeni anavyofikiri. Tulipofika ufukoni tulitafuta jiwe jeusi lenye matundu, hatukuliona. Mawe yalikuwa magumu, mengine meupe, mengine yenye vipande vya mika vinavyong'aa. Tulipoinama kuyaokota, mvuvi mmoja aliyekuwa anaanika sambaza akatucheka: «Banafunzi ba Goma banatafuta zahabu!»

Mzee aliyekuwa pamoja naye alikuwa na jibu zito kidogo. «Hapa kwetu mulima haitapike,» alisema. «Nchi yetu ni ya zamani. Ile yenu ingali inapikwa.»

Hakuna la kuongeza. Mawe ya Idjwi yaliumbwa zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, kabla ya Virunga, kabla ya ziwa, kabla ya bonde lenyewe. Nchi ilipopasuka na kushuka upande wa mashariki na upande wa magharibi, Idjwi ilibaki juu, kama mtu aliyebaki amesimama wakati majirani zake wawili wameketi. Maji yalipojaa, yakamzunguka, akawa kisiwa. Jiwe jeupe la darasani ndilo tulilochukua pale, baada ya kuomba ruhusa ya mzee.

DENI

Tuliporudi Rutshuru tulikusudia kumwomba msamaha yule msichana mbele ya darasa, kama tulivyomwaibisha mbele ya darasa. Mwaka wa masomo ulikuwa unaisha. Tukajiambia tutafanya mwaka ujao. Lakini mwaka uliofuata hakurudi, familia yake ilikuwa imehama. Sisi tukabaki na sifuri yetu.

Miaka ikapita. Tarehe 22/05/2021 jioni, Nyiragongo ulipasuka tena. Lava ikashuka upande wa kaskazini mwa Goma, ikakata barabara yetu ya Rutshuru, ikasimama Buhene, karibu sana na mji. Watu zaidi ya 30 walikufa. Siku tano baadaye, ardhi ikiwa bado inatetemeka, serikali ikaamuru watu wahame sehemu kubwa ya mji wa Goma. Wengi wakaenda Sake, wengine wakavuka kwenda Rwanda, wengine wakaja kwetu Rutshuru na magodoro vichwani. Tulikuwa tunasaidia kugawa maji katika uwanja wa kanisa moja, mama mmoja mwenye watoto watatu akatuita:

«Mwalimu, hamunijue?»

Alikuwa yeye. Tulikaa chini juu ya godoro lake, tukamwambia yote: shimo, mvulana, mama mwenye jembe, moto uliozimika. Tukamwomba msamaha kwa ile sifuri. Akacheka kwanza. Kisha akanyamaza kidogo, akasema:

«Mwalimu, mimi ile point nilishaisahau. Lakini ile siku nilirudia nyumbani na karatasi, nikamusomea Koko yenye muliandika. Toka pale hakunisimulia tena kitu. Kila nikimuuliza, anasema: masomo imeshakatala. Alikufa mwaka wa 2009. Mambo mengi ya kule ziwani alienda nayo.»

Hatukuwa na neno la kumjibu. Tulifikiri tumemwadhibu mtoto mmoja kwa interro moja. Kumbe biki ile nyekundu ilimfunga mdomo mama mzee ambaye hatukuwahi kumwona, na hakuna mtu anayejua alikuwa bado na nini cha kusema. Labda alijua mashimo mengine. Labda alijua wapi lava ya zamani ilipita kabla babu zake hawajajenga. Mzee akizikwa, hatuwezi kwenda kumsoma kama jiwe.

Tangu mwaka ule tumebadilisha kitu kimoja katika ufundishaji wetu. Kila mwanafunzi wa darasa letu, mwanzoni mwa mwaka, anapewa kazi ya kwenda kwa mzee mmoja wa kwao na kuleta neno moja juu ya nchi: juu ya jiwe, maji, moto, au mlima. Hatulipi neno hilo pointi papo hapo. Kwanza tunalipima pamoja. Wakati mwingine neno la mzee linashindwa, nasi tunasema limeshindwa. Kupenda mila si kukubali kila kitu. Lakini mara nyingi ndani yake tunakuta kitu kilichoonwa vizuri na macho ya watu walioishi hapa kabla yetu, na kazi yetu inakuwa kukieleza, wala si kukifuta. Na jibu tunarudisha kwa mzee mwenyewe, ili ajue kwamba masomo hayakumkatalia.

Safari za ziwani hatuzifanyi tena. Vita vilivyofika Rutshuru mwaka wa 2022 na Goma mwezi wa kwanza wa 2025 vimefanya barabara kuwa nzito kwa kundi la watoto. Ndiyo maana yale mawe mawili yako mezani. Mtoto asiyeweza kufika ufukoni anaweza angalau kuushika mkononi: huu weusi ulizaliwa juzi, huu weupe ulikuwako kabla ya yote, na kati yao ndimo tunamoishi.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuko Koko ambaye bado anasema, usisubiri mwaka ujao. Chukua kiti kidogo, kaa karibu naye, muulize anajua nini juu ya mlima na juu ya maji. Na kama wewe ni mwalimu kama sisi, biki nyekundu iweke mfukoni mpaka amalize.